Trauti, kambale, perege au besi: bwawa lako la Nyanda za Juu Kusini litakupa yupi wa kupiga naye picha?

Wenye mabwawa huanza na samaki. Mmoja ameona picha ya trauti wa kilo tatu, mwingine amesikia sifa za besi wa Zimbabwe, yule mla samaki mwenye mdomo mkubwa aliyetoka Amerika, wa tatu anataka sato kwa kuwa ndiye anayemjua. Maji huulizwa mwisho, wakati vifaranga vimeshalipiwa. Huo ni mpango wa kichwa chini miguu juu. Mufindi, Njombe na Makete, maji ya alfajiri mwezi Julai yanaganzisha vidole. Ukishuka Usangu, Pawaga au Mtera, maji ya alasiri mwezi Novemba ni ya kuogea. Samaki anayenenepa huku anadumaa au anakufa kule, na hakuna gunia la chakula linaloweza kubadilisha hilo.

Ulinganisho huu ni wa mwenye bwawa la nusu ekari hadi ekari kumi hivi, awe mkulima, shule, shamba la chai au nyumba ya wageni, anayetaka samaki wachache wakubwa wa kuvuliwa kwa ndoana. Mfugaji wa soko anahesabu kilo kwa mita ya mraba. Anayetaka samaki wa picha anahesabu midomo inayokula, na kila mwaka anatafuta namna ya kuipunguza.

Pima kwanza

Miezi inayosema ukweli ni miwili: Julai kwa baridi, na mwisho wa Oktoba hadi Novemba, kabla mvua hazijakolea, kwa joto. Pima saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi alasiri kwa siku tatu au nne mfululizo, juu (sentimita 30 chini ya uso wa maji) na karibu na sakafu.

Maji ya chini huchotwa kwa chupa ya soda ya kioo. Ifungie jiwe na kamba, izibe kwa kipande cha gunzi kilichochongwa, na gunzi nalo liwe na uzi wake. Ishushe hadi kina unachotaka, iache dakika tano kioo kipoe, vuta uzi gunzi litoke, ngoja mapovu yaishe, pandisha na utumbukize kipimajoto papo hapo. Ukiiweka chupa juani dakika mbili, umepima jua.

Kuna na suala la hewa, ambalo mabwawa ya milimani hayasamehewi. Maji ya nyuzi 15 katika usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Kwenye mita 2,000 hubeba karibu 8. Yakifika nyuzi 20 huku juu, yanabaki na 7 na kidogo. Ushauri mwingi wa idadi ya vifaranga umeandikwa kwa mabwawa ya tambarare, na ukiuhamishia Njombe jinsi ulivyo umeshamkopa samaki hewa yake.

| | Trauti | Kambale | Perege na sato | Besi |
|---|---|---|---|---|
| Joto la kukua vizuri | nyuzi 10–16 | 25–30 | 25–30 | 20–28 |
| Pa kuogopa | juu ya 20 hudhoofika, 24–25 hufa | chini ya 18 hula kidogo sana | chini ya 16 huacha kula, karibu na 10 hufa | baridi haimuui, lakini hakui |
| Kuzaana bwawani | hapana | mara chache | kupita kiasi | sana |
| Samaki wa picha | kilo 1.5–3 | kilo 5–15 | kilo 1–2 | kilo 2–3 |
| Mahali pake | Mufindi, Njombe, Makete, Uporoto | Usangu, Pawaga, Ismani, Mtera | uwanda wa joto | soma hapo chini |

Jedwali linasomwa hivi: chukua joto la juu la Novemba, saa kumi alasiri. Likiwa chini ya 20, trauti. Likipita 24 kwa wiki nyingi, msahau trauti kabisa, hata kama maji ni maangavu kama kioo. Kati ya 20 na 24 ndipo watu wanapopotezea fedha, nasi tutaparudia.

Trauti

Asili yake ni Amerika Kaskazini, upande wa Bahari ya Pasifiki, na aliletwa na wakoloni kwa ajili ya mito ya baridi ya milimani. Kinachompa ubora kwa kazi hii si uzuri wake. Ni kwamba hazai bwawani. Jike huhitaji kijito chenye maji yanayokwenda kasi juu ya kokoto safi ili mayai yapate hewa. Kwenye sakafu ya tope mayai huoza. Kwa hiyo samaki waliomo ni wale ulioweka, ukitoa waliokufa na waliovuliwa. Hakuna samaki mwingine kati ya hawa wanne anayekupa daftari safi namna hiyo.

Hesabu yenyewe ni ya kidole. Tuseme bwawa lako lina wadudu, konokono na viluwiluwi wa kutosha kuongeza kilo 40 za nyama ya samaki kwa mwaka. Ukiwa na trauti 400, kila mmoja anaongeza gramu 100 na utavua samaki wa kukaangia. Ukiwa na 100, kila mmoja anaongeza gramu 400, na mwaka wa tatu unaanza kusikia mshipi ukilia. Kwa samaki wa picha tunashauri 40 hadi 60 kwa ekari kwa mwaka. Anayetaka watu wengi wavue na kufurahi aweke 100, akubali kwamba wengi watakuwa wa nusu kilo. Kutaka yote mawili katika ekari moja haiwezekani bila kulisha kila siku.

Ukubwa wa kifaranga una uzito kuliko wingi wake. Kifaranga cha sentimita 5 ni chakula cha mdiria. Kikifika sentimita 15 ni mnandi na fisi maji tu wanaokisumbua. Wakubwa 50 wa sentimita 15 ni bora kuliko wadogo 300, hata kama bei kwa kimoja inauma. Kama msambazaji anatoa trauti tasa, wasioweza kukomaa kwa uzazi, hao ndio wa kuchukua. Dume la kawaida hukomaa mapema, hubadilika rangi kuwa jeusi, hukonda na huacha kukua. Jike lisilo na pa kutagia hubaki na mayai tumboni na wakati mwingine hufa nayo. Tasa haendi huko: chakula chake chote kinakwenda kwenye mwili.

Sasa lile eneo la nyuzi 20 hadi 24. Bwawa la namna hiyo linaweza kubeba trauti kama kina chake kinafika mita nne na kuna kijito baridi kinachoingia mwaka mzima. Samaki hujificha chini mchana na hupanda usiku. Tatizo ni kwamba maji ya chini yakikaa bila kuchanganyika hupungukiwa hewa, hivyo trauti hubanwa kati ya juu pa moto na chini pasipo na pumzi. Baridi ya Juni na Julai inapopoza maji ya juu ghafla, yanazama, yale mabovu yanapanda, na asubuhi unakuta samaki wakubwa wameelea, wadogo wazima. Wakubwa hufa kwanza kwa sababu wanahitaji hewa zaidi.

Dawa ni kutoa maji ya chini badala ya ya juu. Bomba la inchi 4 linalazwa sakafuni, mdomo wake umeinuliwa sentimita 50 juu ya tope kwa kulifungia kwenye jiwe, linapita juu ya tuta hadi upande wa pili mahali palipo chini kuliko uso wa bwawa. Ukishalijaza maji na kufungua ncha zote mbili, linavuta lenyewe. Maji mapya ya kijito yanabaki, maji mabovu yanatoka. Ncha ya ndani ifungwe wavu. Kama huwezi kufanya hivyo na joto lako linapita 22, usiweke trauti.

Kosa la pili linatokea kwenye mlango wa kutolea maji. Trauti hufuata maji yanayokwenda, kwa hiyo bila kizuizi nusu yao watakuwa kwa jirani baada ya masika ya kwanza. Kizuizi cha nondo au wavu mgumu wenye nafasi ya milimita 10 kinatosha kwa samaki wa sentimita 15. Lakini mabwawa mengi ya Mufindi yamezungukwa na misindano na mikaratusi. Majani yakijaa kwenye kizuizi kilichosimama wima, maji yanapanda hadi juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa na maji halisubiri kukuche. Kizuizi kilazwe kimlalo, kiwe na upana mara tatu ya unaodhani unatosha, na mtu akisafishe kila siku ya mvua. Kama hakuna wa kuifanya kazi hiyo, afadhali upoteze samaki kuliko bwawa.

Katika kuvua, joto linaamua tena. Maji yakipita nyuzi 20, acha mchezo wa kuvua na kurudisha: trauti aliyechoka kwenye maji ya moto huogelea vizuri mbele yako, akafa usiku. Tumia mshipi wa kilo 3 au 4 umalize pambano kwa dakika chache, bana kijino cha ndoana kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika. Mikono mikavu inambandua ute, na pale ulipombandua ndipo ukungu unapoanzia.

Kambale

Huyu hadai mengi. Anavuta hewa ya juu kwa kiungo chake maalum, kwa hiyo maji machafu yanayomuua trauti kwake ni makazi. Ni wa hapa hapa, yumo kwenye mito ya Ruaha na Rukwa tangu zamani, hivyo akitoroka hujaharibu kitu. Na kwa kishindo cha mvuto hakuna wa kumshinda katika orodha hii. Kambale wa kilo 10 anakokota mshipi kama ng'ombe aliyekata kamba.

Lakini kambale wa milimani ni jambo lingine. Kwenye maji ya nyuzi 16 anaishi tu, hakui. Anayemweka Mafinga kwa sababu "hafi" atasubiri miaka mingi kupata wa kilo tano, ambaye Usangu angepatikana mapema zaidi.

Kwa samaki wa picha, weka 10 hadi 15 kwa ekari katika bwawa lenye perege wanaozaana. Kambale hula watoto wa perege, perege wanaobaki wanapata nafasi, na pande zote mbili wanakua. Ukiweka 100 utapata kambale wengi wa kilo moja wanaokula wao kwa wao. Uzazi wao wenyewe haukusumbui sana, maana hungoja mafuriko yafunike majani ndipo watage. Bwawa lenye kingo za wima na mlango mdogo wa maji halitawapa nafasi hiyo.

Kasoro zake mbili zijulikane mapema. Usiku wa mvua hutoka na kutambaa kwenye nyasi mbichi, hasa kuelekea maji yanakoingia. Uzio wa bati au wavu wa sentimita 60 kuzunguka upande huo unamzuia. Pia anachimbua tope, na maji hayatakuwa maangavu tena. Usimchanganye na trauti kamwe, kwa kuwa kambale wa nusu mita anameza kifaranga cha sentimita 15 bila kutafuna. Chambo chake ni maini, matumbo ya kuku au kipande cha sabuni ya mche. Vua kuanzia jioni, na unapomtoa ndoana chunga miiba ya mapezi ya kifuani.

Perege na sato

Hapa adui ni uzazi. Perege huanza kutaga akiwa na miezi michache, jike hulea watoto mdomoni, na baada ya mwaka mmoja bwawa lina maelfu ya samaki wa ukubwa wa kiganja. Mwenye bwawa huona maji yakichemka kwa samaki, akafurahi, akaongeza pumba. Pumba inazaa midomo mingine. Bwawa la namna hiyo linaweza kukaa miaka kumi bila samaki wa nusu kilo.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni madume tupu. Ukinunua vifaranga vilivyobadilishwa jinsia kituoni ni rahisi zaidi, ila uliza asilimia ya madume, kwa sababu hata majike matano katika mia wanatosha kuharibu mpango. Ukitenganisha mwenyewe, ngoja wafike gramu 30 hadi 50, mgeuze samaki tumbo juu, pakaa tone la GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, nyuma ya tundu la haja, futa kwa kitambaa. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na la katikati ni ufa mdogo wa mlalo unaoshika rangi. Fanya kazi hiyo asubuhi kwa mwanga mzuri, na mwenye shaka asiingizwe. Kwa samaki wa kilo, weka dume mmoja kwa kila mita 10 za mraba, yaani 400 kwa ekari. Ukiona ni wachache mno, kumbuka lengo lako.

Njia ya pili ni kambale, kama tulivyoeleza. Ni ya bei nafuu, haina usahihi, lakini inajiendesha.

Kuhusu sato: ni mgeni kwenye mito ya kusini, na anazaana na perege wa asili hadi mbegu ya asili inapotea. Bwawa lenye maji yanayotoka kuelekea Kiwira, Mbaka au Lufilyo mwisho wake ni Ziwa Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Upande wa Rungwe na Kyela tumia perege wa bonde lenyewe, si sato, hata kama sato anakua haraka zaidi. Katika hili hatuna maneno ya kupozea.

Na kwa kuwa tumefika Kyela: wapo wanaouliza kama mbasa anaweza kufugwa bwawani, yule wa rangi ya fedha anayepanda mito wakati wa mvua kutaga mayai. Hawezi. Anahitaji ziwa la kukulia na mto wa kutagia. Mfuate mtoni, na ukimpata akiwa na mayai mrudishe.

Besi

Kwa wengi duniani ndiye samaki wa ndoana hasa. Rekodi yake, kilo 10 na kidogo, iliwekwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, ikafikiwa Japani mwaka 2009. Jirani zetu Kenya walimwingiza Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili hiyo hiyo ya burudani. Kwa hiyo hamu tunaielewa.

Besi anahitaji takriban kilo 10 za samaki wadogo ili aongeze kilo moja. Anazaa sana, na mwenye bwawa la besi wakubwa huko waliko hutumia msimu wake kuwatoa wadogo wa sentimita 25 hadi 35, kilo 10 hadi 15 kwa ekari kila mwaka, bila huruma. Asiyefanya hivyo anapata besi mia wenye vichwa vikubwa na miili myembamba. Juu ya hayo, yeye na trauti wote wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Tofauti ni kwamba trauti akitoroka anafungwa na joto la tambarare, wakati besi akishuka Ruaha Mdogo anakuta maji mazuri hadi Mtera. Hafai, na kuingiza samaki mgeni nchini bila kibali cha mamlaka ya uvuvi ni kosa kisheria. Fedha za besi zinunulie bomba la inchi 4.

Chokaa, mbolea au chakula?

Udongo wa chai ni wa tindikali, na maji yake ni laini mno. Konokono wanakosa cha kujengea magamba na bwawa linabaki tupu kama ndoo. Hapo chokaa ya kilimo inafanya zaidi ya chakula: tani moja hadi moja na nusu kwa ekari, ikimwagwa kwa koleo kutoka kwenye mtumbwi ili ifike kila mahali. Lengo ni alkali ya zaidi ya miligramu 20 kwa lita, na vipimo vya mabwawa ya kuogelea vinaionyesha. Chokaa ya moto, ile inayochemka ikiguswa na maji, usiitie kwenye bwawa lenye samaki. Hiyo ni ya bwawa lililokaushwa tu.

Kabla ya kununua, jua maji yanakaa siku ngapi. Ekari moja yenye kina cha wastani wa mita 2 ina mita za ujazo 8,000. Weka ndoo ya lita 20 kwenye kijito kinachoingia. Ikijaa kwa sekunde nne, ni lita 5 kwa sekunde, mita za ujazo 432 kwa siku. Gawanya: siku 18 na nusu. Bwawa linalobadilisha maji chini ya wiki tatu litapeleka chokaa na mbolea yako kwa jirani. Chimba mfereji wa pembeni upitishe maji ya ziada nje, au achana na chokaa.

Mbolea ni ya perege. Samadi ya kuku iliyokauka, kilo 25 kwa ekari kwa wiki, halafu tazama: chukua mfuniko wa ndoo ya rangi wa sentimita 20, pakaa robo nyeupe na nyeusi kwa zamu, fungia kamba yenye mafundo. Ushushe majini: mfuniko ukipotea machoni kwenye sentimita 45 hadi 60, sawa. Ukipotea kabla ya 30, simamisha samadi, la sivyo mwani utamaliza hewa kabla ya alfajiri. Kwenye bwawa la trauti mfuniko uonekane hadi mita moja na nusu, na samadi isikaribie.

Chakula cha punje zinazoelea, chenye protini asilimia 40 hadi 45 kwa trauti na karibu 30 kwa perege, kinaongeza uzito haraka. Kwa trauti wakubwa asilimia moja ya uzito wao kwa siku yatosha. Kinachobaki baada ya dakika kumi ni hasara inayooza. Ila samaki aliyezoea punje huja mkono unapoinuliwa, na mvuvi mzoefu humtambua mara moja.

Vitu viwili vikae mbali. Mrututu, ambao wengine huutia kuua mwani, kwenye maji laini ya milimani huua trauti kwa kipimo kile kile ambacho mahali pengine hakidhuru. Na pareto: ile ile inayotuingizia fedha Mufindi, Njombe na Mbeya ni sumu kali kwa samaki, pamoja na dawa za viwandani zilizoigwa kutokana nayo. Usioshe pampu ya kupulizia viazi dawa kwenye kijito kinachoingia bwawani, na acha mita 20 za nyasi kati ya shamba na maji.

Samaki wenyewe watakuambia

Pima kila samaki anayevuliwa, urefu na uzito. Chukua gramu, zidisha kwa 100, gawanya kwa urefu wa sentimita mara urefu mara urefu. Trauti wa sentimita 50 mwenye gramu 1,250 anatoa 1.0, yuko sawa. Mwenye gramu 900 anatoa 0.72: kichwa kikubwa, mwili kama mpini wa jembe. Wakishuka chini ya 0.9 wengi wao, usikimbilie chakula. Ondoa samaki, na mwaka unaofuata weka nusu ya vifaranga. Perege ni mnene kwa umbo, kwake tarajia 1.8 na zaidi.

Kibali cha kutumia maji kinatolewa na bodi ya bonde: Rufiji ofisi zake ziko Iringa, Rukwa ziko Mbeya, Nyasa ziko Tukuyu. Anzia hapo na kwa afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kulipia kifaranga hata kimoja.

Vifaranga visilishwe saa 24 kabla ya safari. Mfuko uwe theluthi moja maji, mengine oksijeni. Ukifungwa Dar es Salaam ukiwa umekakamaa, kufika Mafinga hewa yake imevimba kwa karibu robo, na mfuko hupasuka njiani, mara nyingi baada ya kupanda Kitonga. Ufungwe ukiwa na ulegevu. Safiri usiku. Ukifika, mfuko uelee kivulini nusu saa, kisha fungua na uongeze kikombe cha maji ya bwawa kila dakika tano hadi tofauti ya joto iwe chini ya nyuzi tatu. Inamisha mfuko, watoke wenyewe. Wanaolala ubavu baada ya dakika kumi watoe na uwahesabu, uandike kwenye daftari siku hiyo hiyo.